Nilikataa Mafunzo Yake Bila Kumuuliza

Bi Doreen,

Nakusoma kila Alhamisi, mke wangu akishamaliza matangazo ya vifo ananisogezea ukurasa wako, na miaka yote nimekuwa nikiwacheka wanaokuandikia, nikisema mtu mzima na akili zake anawezaje kumwagia mwanamke wa gazetini mambo yake ya ndani, na leo nimekaa hapa na kalamu na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo nicheke na wewe tumalizane, kisha unisaidie, maana nimefanya jambo na sijui kama lina dawa.

Nina miaka sitini na nne. Nashona matandiko ya farasi hapa hapa Walsall, kazi ya baba yangu na ya baba yake, enzi zao walikuwa watu kumi na mmoja karakanani na kelele hadi barabarani, na sisi tulikuwa tumebaki wawili, mimi na mwanamke mmoja ambaye nitamwita Nasreen ingawa si jina lake. Alikuja kwangu miaka saba iliyopita na mkoba wa shule wa binti yake, kamba imekatika, nikamwambia arudi Alhamisi, akarudi, lakini badala ya kuchukua mkoba na kwenda zake akasimama pale akiniangalia nikishona, akaniuliza kwa nini natumia sindano mbili kwa uzi mmoja. Nikamweleza kwamba ushonaji wa namna hiyo mshono mmoja ukikatika wa jirani yake unashikilia, na mpanda farasi haanguki. Akasema, "Kwa hiyo kila tundu linashonwa mara mbili?" Watu wananunua matandiko kwangu miaka thelathini hawajawahi kuuliza hilo.

Basi akaanza kuja asubuhi mbili kwa wiki kufagia na kupokea simu, zikawa siku mbili na nusu, akaanza kupaka uzi nta, akaanza kushona hatamu, na Bi Doreen mkono wake ni mkono, sikufichi, mishono yake ni midogo na imekaa sawa mstari mzima utadhani imepigwa na mashine ila mashine haiwezi. Kilichobaki ni tandiko lenyewe, kukata ngozi ya kukalia, kuivuta juu ya kiunzi cha mbao, kujaza sufu, kwenda zizini kumpima farasi mgongo, hayo sikumfundisha. Kila Krismasi alikuwa ananiuliza, "Bosi, tandiko zima lini?" na mimi namjibu, "Mwakani," naye anasema, "Mwakani yako ina ndevu sasa." Tulikuwa tunacheka. Alitaka na cheti, maana wateja wa siku hizi wanauliza cheti, na mwanamke wa Kipakistani mwenye miaka thelathini na minane akiingia zizi la matajiri wa huko vijijini na kusema yeye ni fundi matandiko, wanamwangalia mara mbili, hilo halihitaji kuelezwa.

Sasa njoo kwenye kosa. Mwaka jana mwezi wa tatu alikuja mwanamke wa lile ghala kubwa la vyakula lililo kando ya barabara kuu, nitamwita Judith, yeye ndiye anayeshughulika na mafunzo ya wafanyakazi kule. Binti yake anapanda farasi, ndivyo alivyotujua. Alikaa kwenye kigoda nikamchemshia chai, akanieleza kwamba kampuni yao kwa ukubwa wake inakatwa hela ya mafunzo ya uanagenzi, ya mtu kujifunza kazi akiwa kazini, kila mwezi, na hawaimalizi hata wafanyeje, watu wao wengi ni wa kuendesha mashine za kubeba mizigo na wakishajua wamejua, na hela isipotumika ndani ya miaka miwili inarudi serikalini, ila wanaruhusiwa kuigawia biashara ndogo ya hapa mjini imsomeshe mtu. Akasema, "Mshahara mtamlipa ninyi, ila mwalimu, mitihani, vyote juu yetu. Itapotea tu, bwana, afadhali ije huku. Una mtu?"

Nilikuwa naye. Alikuwa nyuma ya ukuta pale anapanga ngozi, redio iko juu, hakusikia kitu.

Nikasema, "Wewe una moyo mzuri sana, lakini tuko sawa. Wapo wanaohitaji kuliko sisi."

Bi Doreen wewe ni mtu wa huku, unajua Waingereza wa huku tulivyolelewa. Ukikaribishwa biskuti nyumbani kwa mtu unasema hapana asante nimeshakula, anakukaribisha tena unasema hapana kweli usijisumbue, anakukaribisha mara ya tatu ndipo unasema haya basi nusu tu. Mama yangu alinifinya mapajani mpaka nikajua. Sasa mimi nilisema hapana ya kwanza nikijua kuna ya pili. Na kweli mwezi wa tano akaniandikia barua, barua nzuri tu, kwamba bado wametutengea hela, nijaze fomu moja. Nikamjibu kwa kadi yenye picha ya farasi, "Tuko sawa kabisa, tafadhali usijisumbue kwa ajili yetu." Nikabandika stempu nikarudi kwenye benchi nikawa nasubiri ya tatu. Hakuniandikia tena. Na kwa nini aandike, mtu kakuambia mara mbili hataki. Baadaye nikasikia saluni ya mtaa wa pili imepata na wanasomesha watu wawili.

Nasreen sikumwambia. Sio kwamba nilisahau, nilikuwa nafungua mdomo halafu nasema kitu kingine, namuuliza habari za mumewe, namwambia ngozi ya leo ngumu, na pia ile fomu ilikuwa na mambo mengi, inataka mwalimu kutoka nje aje kila baada ya wiki kadhaa akae karakanani aangalie mwanafunzi anavyofundishwa na fundi anavyofanya kazi, na macho yangu tangu mwaka juzi yana ukungu na mkono wa kulia una mtetemo kidogo asubuhi, na matandiko mawili ya mwisho Nasreen aliyafumua upande mmoja akayashona upya kabla mteja hajaja, hakuniambia na mimi sikumwambia kwamba nimeona, lakini hayo ni mengine, narudi kwenye habari.

Mumewe dereva wa teksi wakampunguzia zamu. Siku mbili na nusu zangu hazikuwatosha. Mwezi wa tisa akaja akasema amepata kazi, kazi ya siku zote, ya kupanga maboksi. Wapi? Kwenye ghala lile lile. Nilinunua keki. Mke wangu Pauline akaja, tukakata, Nasreen alilia mpaka akashindwa kumeza, mimi nikampigapiga bega nikamwambia, "Utakuwa sawa." Hicho ndicho nilichopata cha kumwambia mtu niliyefanya naye kazi miaka saba.

Mwezi wa kumi na moja, Jumamosi asubuhi, akaingia karakanani amevaa jaketi la kampuni, lile la kung'aa. Nilifurahi nikainuka kuweka chai. Akasema hataki chai. Akasema amekutana na Judith kwenye kantini, wakapiga stori, Judith akamwambia, ah, kumbe wewe ni wa kwa fundi matandiko, tulitaka sana kuwasaidia ninyi.

"Uliulizwa?" akaniambia.

"Niliulizwa."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ukasema nini?"

"Nikasema tuko sawa."

Akaangalia benchi lake, kuna vumbi. Halafu akasema, "Tuko sawa. Sisi nani, bosi?"

Nikasema nilidhani, nikasema unajua watu wanavyosema, nikasema sikutaka tuonekane ombaomba, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojisikia vibaya. Akaniambia, "Mimi ningeomba. Mimi ningepiga magoti pale pale kwenye ngozi. Ungeniita tu, nilikuwa nyuma ya ukuta." Akauliza kama hela ile bado ipo nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi najua. Nimemuuliza. Ilifikisha miaka miwili kiangazi, ikarudi." Akafunga zipu ya jaketi akatoka, hakubamiza mlango, afadhali angeubamiza.

Nilimtumia kadi mbili, moja ya Krismasi. Hakujibu. Nina oda nne na siwezi kuzimaliza kwa viwango vyangu, nimemwambia Pauline nafunga Pasaka, na Pauline akasema, "Funga, lakini usiniambie mimi ni kwa ajili ya macho." Hanisemeshi vizuri na yeye.

Ninachokuuliza ni hiki. Nimfuate nimwombe msamaha, au nimwache, maana sasa ana mshahara wa uhakika na likizo yenye malipo, na pengine kumrudia ni kumsumbua tu. Sitaki kumsumbua.

Ni mimi,
Mshonaji, Walsall

DOREEN ANAJIBU

Bwana Mshonaji,

Nimecheka kama ulivyoomba, nimecheka mpaka ulipofika kwenye mlango usiobamizwa, hapo nikavua miwani. Sasa tumemalizana kwa kucheka, kaa vizuri.

Umeniandikia kurasa nne na umenipa sababu ya adabu. Biskuti, mama, mapaja. Mimi pia nilifinywa, na wa kwetu tulikuwa saba, kwa hiyo usinifundishe. Adabu ile ni ya biskuti yako mwenyewe, bwana. Ukijinyima ukabaki na njaa, njaa ni yako. Sahani uliyoisukuma siku ile haikuwa yako. Mgeni alikuuliza, "Una mtu?" Swali fupi, jibu lake lilikuwa hatua kumi kutoka kwenye kigoda. Wewe ukajibu kana kwamba umeulizwa hali yako.

Lakini hata hiyo adabu siiamini sana, na wewe huiamini, ndiyo maana katikati ya barua umemwaga jambo moja haraka haraka kisha ukasema "hayo ni mengine". Sio mengine. Ndiyo yenyewe. Hukuogopa kuonekana ombaomba. Uliogopa mwalimu wa kutoka nje aje akae kwenye karakana ya babu yako, atazame mikono miwili, aone ya mwanafunzi imetulia na ya fundi inatetemeka. Ndiyo maana "mwakani" ilirudiwa mwaka baada ya mwaka. Ulipokuwa na macho mazuri ulisema mwakani kwa uvivu, yalipoharibika ukasema mwakani kwa woga, na yeye akawa anafumua matandiko yako na kuyashona upya ili jina lako lisichafuke. Kimya kimya. Bila cheti. Bwana wangu, nimesoma barua nyingi humu za wanaume wenye wake wasiowastahili na kinyume chake, lakini sijui kama nimewahi kuona mtu aliyetunziwa heshima yake hivyo akalipa hivyo.

Nimekukaripia, na ninakuonea huruma pia, usidhani sina. Kuishi kwa kazi ya mikono tangu utotoni, halafu mikono ianze kukukana asubuhi asubuhi, ni msiba, na hakuna anayekuja na keki. Ungemwambia mtu. Una mke ambaye inaonekana ameshajua kila kitu na anasubiri wewe uwe wa mwisho kujua.

Nimempigia simu mtu anayejua mambo haya ya uanagenzi, maana mimi najua mambo ya ndoa na wakwe. Kaniambia mambo mawili. La kwanza litakuuma: hata kama Judith asingekuja kamwe, serikali hulipia sehemu kubwa ya mafunzo ya mtu wa biashara ndogo kama yako, mwenye karakana huchangia kidogo tu. Ungeweza kumsajili miaka sita iliyopita. Kwa hiyo acha kuiombolezea ile hela ya kiangazi peke yake. Imekwenda, haitarudi, na Nasreen alikwenda nayo, lakini haikuwa mlango pekee. La pili: makampuni makubwa yanakatwa kila mwezi. Mwezi huu wamekatwa. Iliyokatwa mwezi huu bado haijazeeka.

Usikimbilie simu ya Judith. Nakujua tayari. Utampigia Judith kwanza kwa sababu ni rahisi, utajaza fomu, utampelekea Nasreen jambo lililokwisha kupangwa ukidhani ni zawadi, na utakuwa umemwamulia mara ya pili. Judith baadaye, na tena akikubali Nasreen.

Wiki hii nenda kwa daktari wa macho. Ukungu wa macho kwa mtu wa miaka yako mara nyingi una tiba, na pengine umekuwa ukiuficha ugonjwa wa kupona. Mtetemo nao daktari auone. Usiponijibu nitajua hukwenda.

Kisha mwite Pauline, chukua koti, nenda nyumbani kwa Nasreen. Kadi hapana, umeshamaliza kadi zako maishani. Getini kwa ghala hapana, usimwaibishe mbele ya wenzake. Keki pia hapana. Gonga mlango, ukikaribishwa ndani ingia, usipokaribishwa sema hapo hapo barazani hata kama mvua inanyesha. Na usiseme samahani kama nimekukosea. Hakuna "kama". Mwambie uliulizwa mara mbili, ukakataa mara mbili, ukijua yuko nyuma ya ukuta. Mwambie uliyaona yale matandiko mawili aliyoyashona upya. Hilo hasa mwambie, kwa sauti, mumewe asikie, binti yake asikie, maana hakuna aliyemwambia bado kwamba ile kazi ni yake na ni ya kiwango.

Umeniambia hutaki kumsumbua. Amekaa miezi miwili akiwa na jaketi la kung'aa na maboksi, anajua kwamba alikaribia, anajua ni kwa kiasi gani, na hajui kwa nini. Ameshasumbuliwa. Unachojiepushia ni usumbufu wako.

Ukishasema hayo, mweleze kilichopo bila kukipamba: karakana ina oda nne, wewe unaweza kumfundisha tandiko zima maadamu macho yapo au yakirudishwa, siku ziwe tano na mshahara wa siku tano, mafunzo yenye cheti, mwalimu kutoka nje aje aangalie mikono yote miwili, na karakana ukistaafu iende kwake kwa makubaliano ya maandishi. Kama huwezi kumpa siku tano usiende kabisa, utakuwa unakwenda kujisafisha tu. Na kuhusu Pasaka, usifunge kitu mpaka uwe umetoka kwenye mlango ule.

Sikuahidi atakubali. Kazi ya ghala ina likizo na malipo ya ugonjwa, ana mume aliyepunguziwa zamu na mtoto anayekua, na wewe umempa sababu ya kutokuamini. Nikiwa mkweli, nadhani atakataa. Usibishane naye, usimwonyeshe mkono unaotetemeka, usimruhusu Pauline alie. Mshukuru, shika njia urudi. Itakuuma, na hapana hiyo itakuwa amejisemea mwenyewe. Ile ya kwanza ulimsemea wewe.

Doreen